Duke wa Avon mnamuonea, mwenye kesi ni mwandishi

Huu ubishi hauishi jamani. Mtu anamaliza These Old Shades, riwaya ya mapenzi ya Mwingereza Georgette Heyer, anakuja juu, hivi nyie huyu mzee Duke wa Avon mnampendea nini? Mwingine anamjibu hapo hapo, wewe mapenzi hujui. Basi pamewaka. Na kitabu chenyewe ni cha 1926, yaani watu wanatoana macho kwa mwanaume ambaye mwandishi wake alikuwa na miaka 24 tu alipomleta sokoni.

Mi niko upande wa Duke, niseme mapema ili tusipotezeane muda. Ila na hicho kitabu nina kesi nacho, na si ile kesi ya kila siku.

Kwa ambao hawajakisoma, twende chapchap. Ni Paris, miaka ya 1750, mfalme ni Louis wa 15. Justin Alastair, Duke wa Avon (duke ni cheo cha juu kabisa cha makabaila), Mwingereza, anarudi zake usiku peke yake, viatu vya visigino, manukato, fimbo ya riboni mkononi. Mji mzima unamwita Satanas, yaani Shetani, na hilo jina amelitolea jasho: wanawake hawana idadi, na utajiri alionao ni wa kamari, kuna kijana alimfilisi mezani na yule kijana akaenda kujiua, Duke akabeba hela akaenda kuinua ukoo wake uliokuwa umechoka. Sasa kwenye kichochoro anavaana na katoto ka kiume kanakokimbia kipigo cha kaka yake, nywele nyekundu, nyusi nyeusi tii, na badala ya kukapita anachomoa pini ya kito iliyo shingoni anamrushia kaka mtu, biashara imeisha, katoto ni kake. Kanaitwa Léon. Kanaogeshwa, kanavalishwa, kanakuwa mtumishi wa kumfuata bwana kila aendako mpaka Versailles, kwenye ikulu ya mfalme. Ila Léon ni Léonie, binti wa miaka 19, na zile nywele na nyusi Duke alizishtukia mapema kwa sababu ni za adui yake, Comte de Saint-Vire, kabaila wa Kifaransa. Comte alikuwa anamchukia mdogo wake Armand kiasi kwamba mkewe alipojifungua mtoto wa kike akambadilisha na mtoto wa kiume wa mwanakijiji, ili tu awe na mrithi wa kiume na Armand asije kurithi. Duke kalijua hilo, kanyamaza, kaanza kupika kisasi taratibu.

Kesi ya kwanza ya wasomaji ni umri na mamlaka. Hii naiheshimu, sitaki kujifanya siioni. Jamaa yuko kwenye arobaini, binti hajafika ishirini na moja, kamnunua, kamlisha, halafu huyo binti anamwita Monseigneur, yaani bwana mkubwa, na kumbusu mkono. Duke anamtangaza kuwa ni mtoto wake wa kulea, na hapo tuwekane sawa, sheria ya Uingereza ya wakati huo haikuwa na kitu kinaitwa kuasili mtoto, sheria ya kwanza ya hayo mambo kule imekuja 1926, mwaka ule ule wa kitabu! Kwahiyo huo ulezi wote umesimama kwenye mdomo wa Duke na hadhi yake. Halafu kuna ile sheria ya ndoa ya 1753, binti chini ya miaka 21 akitaka kuolewa kwa leseni (bila ndoa kutangazwa kanisani) mzazi au mlezi lazima akubali, sasa we fikiria mlezi wa kutoa idhini na bwana harusi ni mtu mmoja. Anayesema inamtisha simshangai.

Ninachowajibu huwa ni hiki: kwenye kitabu kizima mtu anayeamini hiyo ndoa haifai ni Duke mwenyewe. Anamkwepa, anamwambia wewe ni wa kijana wa rika lako, mimi nimeshachafuka, tena historia yake ya wanawake anaitaja bila kupaka rangi. Léonie ndo haelewi somo, anamjibu kwamba kuwa mwanamke wa mwisho kwake ni bora kuliko kuwa wa kwanza. Najua utasema mwandishi ndo kampangia binti aseme hivyo ili Duke atoke msafi, na kweli, ndo kazi ya mwandishi hiyo, lakini ni tofauti na zile riwaya ambazo bwana anamfungia mtu chumbani halafu tunaambiwa ni mahaba.

Kesi ya pili, eti hajutii. Wanataka alie. Mi hapo ndo ananimaliza kabisa. Maduke wa riwaya za siku hizi wote wana baba mkatili, wote wana kidonda moyoni, wote ukurasa wa mia mbili wanakaa kitandani wanasimulia utoto wao, na wako wengi mpaka unajiuliza hiyo Uingereza ilikuwa na maduke wangapi, maana wa ukweli wa zama zile ungewapakia wote basi moja la mkoani na siti zikabaki, na wengi wao wangekuwa wazee wenye wake na miguu inayouma. Avon halii. Alichobadilika unakiona kwa anavyomtazama Léonie, na kwa rafiki yake Hugh Davenant anayebaki kumshangaa tu, huyu ni yule yule? Mengine mwandishi kakuachia wewe msomaji ujaze. Wasiopenda kupewa kazi hiyo wanakasirika, sawa.

Kuhusu Léonie, kuna kambi inayosema anakera, anatukana sana, kila saa anataka kumuua mtu. Sina la kuwaambia hao. Mtoto katekwa na Saint-Vire, kapewa kahawa yenye dawa ya usingizi, anaimwaga kisiri na kujifanya amelala, halafu mdogo wake Duke, yule Rupert kichwa maji, anamfuata kwa farasi aliyemkwapua kwa mhunzi, anavuka bahari mpaka Ufaransa, wanatoroka wote wawili, Rupert anapigwa risasi na bado anaongea utumbo. Ukisoma hiyo sehemu usicheke, kapime presha.

Sasa nije kwenye kesi yangu. Inaitwa Henri.

Henri ndo yule mtoto wa kijijini aliyebadilishwa. Kalelewa kwenye nyumba ya Comte toka siku ya kwanza, walimu wa hela, nguo za hariri, cheo cha vicomte (cha mtoto wa comte), kila kitu. Na bado Heyer anamchora mzito, mikono haijui pa kuiweka, kwenye tafrija anasinzia, raha yake ni kuongea mambo ya shamba. Watu wa Paris wanamcheka toka mwanzo na msomaji anaalikwa kucheka nao. Upande wa pili, Léonie kakulia kwenye kilabu cha pombe, kafagia, kapigwa, kaishi kama mvulana miaka kadhaa, lakini akivalishwa gauni tu, wiki chache, anainama kama alizaliwa ikulu, upanga anaushika siku mbili tatu anaujua. Kwanini? Damu. Kitabu hakifichi, wahusika wanalisema kwa midomo yao kabisa. Wa damu ya kabaila hata umtupe jalalani atang'aa, wa damu ya mkulima hata umpake dhahabu atanuka ng'ombe.

Halafu ile siku ya kisasi, nyumbani kwa Madame du Deffand (huyu mama alikuwepo kweli, sebule yake ilikuwa maarufu Paris, rafiki wa mwandishi Voltaire), Duke anasimulia hadithi mbele ya watu wote bila kutaja jina, polepole, mpaka mke wa Comte anashindwa kuvumilia, na Comte anajipiga risasi pale pale. Nimeisoma mara nyingi na mikono bado inanitoka jasho, kwa ufundi hakuna riwaya ya maduke ya baadaye iliyoifikia. Lakini jaribu siku moja kuisoma ukiwa umesimama alipo Henri. Usiku mmoja kapoteza baba, mama, jina na nyumba, mbele ya umati, na kosa lake ni kuzaliwa. Suluhisho la kitabu? Apewe shamba, si ndo alichokuwa anakitaka siku zote! Wote wanaridhika. Hakuna hata mmoja anayeuliza kijana amelalaje.

Wasomaji wa huku kwetu ndo wananishangaza zaidi, maana hili somo tunalijua kuliko mtu yeyote. Posa zikifika wazee wanauliza nini kwanza? Ukoo gani. Wa kwao nani, bibi yake alikuwa nani, kuna mtu ana kichaa kule, kuna mchawi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, maji hufuata mkondo, tumeimbiwa hizo toka tunanyonya, na wengi tumeshaona ndoa nzuri ikivunjwa kabla haijaanza kwa sababu ya babu ambaye hata bi harusi mwenyewe hakuwahi kumuona. Halafu tunakaa na kitabu kinachosema yale yale kwa Kifaransa na manukato, tunabishana miaka ya Duke. Aisee.

Na kuna jambo lingine watu wanapenda kulitaja kama sifa, kwamba Heyer aliishi Tanganyika. Ni kweli. Mumewe, Ronald Rougier, alikuwa injinia wa migodi, Heyer akamfuata mwaka 1927, wakaishi porini kwenye kibanda cha nyasi, na humo ndani ya kibanda akaandika The Masqueraders, iliyotoka 1928, kaka na dada wanaobadilishana mavazi, mwanaume anavaa gauni na dada anavaa suruali. Mi nikiwaza hiyo picha sifurahi sana kama wengine. Mwandishi katoka kuchapisha hadithi inayosema wengine wamezaliwa kukaa kitini na wengine kulima, akafika nchi iliyokuwa chini ya Waingereza na serikali nzima ikiendeshwa kwa wazo hilo hilo, na waliomchotea maji hapo kibandani ndo wakina Henri wenyewe. Sisemi aliandika kwa ajili ya koloni, hapana, kitabu kilishatoka. Nasema tu kwamba hakuna kitu alichokutana nacho Tanganyika ambacho kingemfanya alitilie shaka lile wazo.

Utetezi wa "kitabu cha zamani hicho, usikipime kwa leo" nausikia. Lakini angalia mwendelezo, Devil's Cub, wa 1932. Hapo Avon ni mzee, mtoto wake Vidal ndo mhuni wa zamu, na anayempenda ni Mary Challoner, binti wa familia ya kawaida, mwenye akili, aliyempiga Vidal risasi alipoleta ujinga. Na nani anakuja juu eti mwanangu hawezi kuoa mtu wa hali ya chini? Léonie! Huyu huyu wa kilabu cha pombe. Nilidhani hapo Heyer anatupiga dongo, kwamba sasa ataligeuza, ila wapi, ikifika wakati wa kumpitisha Mary inakuwa vizuri sana kwamba babu yake ni jenerali mwenye cheo. Damu tena. Miaka sita imepita na bado anaogopa kumpa mtu wa kawaida heshima bila cheti cha babu.

Kitabu hicho cha pili kisomeni lakini, kwa ajili ya ile sehemu Mary anakaa mezani na mzee asiyemjua anamuelezea matatizo yake yote, na mzee anamsikiliza kwa utulivu ule wa kutisha, na wewe msomaji unamjua ni nani na yeye hajui. Ndo maana nasema Avon simwachi. Anayetaka kuendelea na ubishi wa umri aje tu, nina muda, ila anijibu kwanza kuhusu Henri.