Godoro la mama na punda wa Lamu

Mwaka wa kwanza baada ya mama kufariki tulipika pilau, sufuria mbili kubwa, watu wakaja wakamsomea khitma, kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu, wakala wakaenda zao, alhamdulillahi sina neno na hilo. Ila siku ile kuna kitu kilinikaa moyoni mpaka leo. Punda wa jirani alikuwa na mazoea ya kuja mlangoni kwetu kila asubuhi manake mama alikuwa anamwekea maganda ya embe, hata ile miezi ya mwisho kansa ya matiti ishafika kwenye mifupa na kuinuka hawezi, alikuwa anaita tu kutoka ndani, "mpeni na huyo chake." Sasa siku ya khitma punda kaja kama kawaida yake, kaingiza kichwa, shangazi mmoja akamtandika mwiko wa pua. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, usiniulize kwa nini.

Mwaka wa pili nikawaambia ndugu zangu mie pesa yangu ya pilau naipeleka kwa punda. Weee! Mjomba akaniuliza, kwani binadamu wamekwisha?

Hili swali nalisikia sana, na wanaouliza wengi sijawaona wakiwapelekea hao binadamu hata kibaba cha unga, lakini tuliache hilo. Mtu wa Lamu kuuliza hivi ndo kunanishangaza. Vichochoro vyetu gari haliingii, mchanga, mawe, saruji, vyote vinatoka bandarini kwa mgongo wa punda, na kuna nyumba watu saba wanakula kwa punda mmoja, akilala yeye wamelala wote. Na hata kama asingekuwa na faida yoyote, si tumesomeshwa chuo cha Kurani habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa, Mungu akamsamehe? Mtume akaulizwa, kwa wanyama nako tuna thawabu, akajibu kwenye kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, kuna malipo. Na sahaba wake Saad bin Ubada alipofiwa na mamake akauliza sadaka gani bora amtolee, akaambiwa maji. Maji jamani, hakuna pilau hapo.

Halafu ile kliniki ya punda pale mbele ya bahari, inayotibu bure tangu 1987, pesa zake mnadhani zatoka wapi? Ni ya The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza aliloanzisha Elisabeth Svendsen mwaka 1969, na sehemu kubwa ya mapato yao ni wasia, yaani mtu kabla hajafa anaandika fungu fulani liende kwa punda, wengine wanatolewa na watoto wao kwa jina lao. Kwa hiyo punda wa mtaa wetu wa Langoni anaoshwa kidonda kwa pesa ya bibi wa watu aliyezikwa huko ambaye Lamu hakuwahi kuiona. Sisi wenye punda, sisi tuliokua na neno wakfu mdomoni, ile mali inayotolewa ibaki kuwa sadaka, marehemu wetu tunawamalizia kwenye sufuria.

Vidonda ndo hasa vinaniuma. Babu yetu aliondoka na sukari, mguu ulioza polepole na ile harufu naijua, kwa hiyo nikipita karibu na punda mwenye kidonda kilichochimbwa na kamba ya nailoni siwezi kugeuza uso. Wenye punda si watu wabaya, analipwa kwa tripu, kipande cha gunia ndo alichonacho anamtandikia na maisha yanaendelea.

Sasa godoro. Nguo za mama tuligawa zikaisha siku moja, lakini godoro lake la sufi hakuna aliyelitaka, watu wanaogopa godoro la mgonjwa wa kansa kana kwamba kansa inaambukiza, likakaa ukumbini miezi karibu ishirini tunalipita pita. Tukalifumua. Dada yangu akaianika sufi juani siku tatu, tukaichambua kwa mkono huku tunapiga chafya, tukachukua leso zake mbili zilizochakaa tukashona mito ya mgongoni, nene, imetosha punda watatu. Pesa iliyobaki tukanunua pumba na kuziba ufa wa birika la nyuma ya nyumba ili wanywe hapo.

Mjomba hajasema kitu tena. Juzi nimemkuta ameshika ndoo anajaza birika, akaniona, akajifanya ananawa miguu.

Yule mla maganda ndo amevaa leso ya maua mekundu, akipita na mchanga wake asubuhi namjua kabla hajafika mlangoni. Ila mto wake umefumuka upande mmoja, sufi inamwagika njia nzima mpaka watoto wanaifuata wanaiokota. Ijumaa nitaushona.