Basalti za chini ya bahari: ni joto, ama ni mwamba wenyewe?

Wiki jana nilikuwa kwa mjengo wa mjomba kule Embakasi, vijana wanachimba msingi, wakamaliza ule udongo mweusi wa kunata wakafika kwa jiwe la kijivu, gumu ajabu, ukiligonga na nyundo linalia kama kengele. Hiyo ni fonolaiti, lava ya zamani iliyolala chini ya sehemu kubwa ya Nairobi. Mjomba akaniuliza, kwani mawe ya volkeno si ni yale yale tu, hata ya chini ya bahari? Nikamwambia hapana mjomba, na tangu siku hiyo hii maneno haijanitoka kichwani.

Chini ya bahari kuna safu ya milima inazunguka dunia, kama kilomita 65,000, na hapo katikati ganda la dunia linaachana polepole. Mwamba wa koti la dunia, lile tabaka nene lililo chini ya ganda, unapanda kujaza nafasi, ukipanda mgandamizo unapungua, basi unaanza kuyeyuka hata bila kuongezewa moto. Kinachotoka ni basalti, lava nyeusi nyeusi ikishapoa ikawa jiwe. Fonolaiti kama ile ya Embakasi huwa na oksaidi ya potasiamu karibu asilimia 5, basalti ya bahari mara nyingi ni 0.1 ama 0.2 hivi, kwa hivyo hayo mawe si ndugu wa karibu.

Lakini hata hizo basalti zenyewe hazifanani, na hapo ndio wataalamu wamevutana miaka mingi: tofauti inaletwa na joto la koti, ama na mwamba wenyewe?

Mwaka wa 1987 wanajiolojia Emily Klein na Charles Langmuir walilinganisha basalti za bahari zote wakaona kitu kizuri sana: mahali safu iko juu, kama karibu na Iceland, sodiamu ni kidogo na ganda ni nene, na mahali safu imezama sana, kama kule Cayman kwenye Karibi, sodiamu ni nyingi na ganda jembamba. Walisema ni joto. Chukulia supu ya kibandani, chumvi ni kijiko kimoja tu, maji yakiwa kidogo inakolea, yakiwa mengi inakuwa chapwa. Sodiamu hukimbilia mapema kwa kile kilichoyeyuka, sasa koti likiwa moto linayeyuka sana na sodiamu inasambaa, likiwa baridi linayeyuka kidogo na sodiamu inajazana hapo.

Shida ni kwamba supu ikikaa jikoni inabadilika. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipoa njiani fuwele zinajitoa, kemia inageuka kabla haijafika juu, kwa hivyo ukitaka kulinganisha lazima uirudishe nyuma kwa hesabu. Klein na Langmuir waliirudisha mpaka asilimia 8 ya oksaidi ya magnesiamu. Mwaka wa 2008 Yaoling Niu na Mike O'Hara wakasema hapo si mbali vya kutosha, rudisha mpaka magma iwe inapatana na mwamba wa koti ulioizaa, na ukifanya hivyo tofauti za chuma karibu zote zinapotea, na chuma ndicho kilikuwa ushahidi mkubwa kwamba mahali pengine mwamba ulianza kuyeyuka chini zaidi. Kwao tofauti ni ya mwamba: ule ambao haujakamuliwa sana, yaani haujawahi kuyeyushwa sana huko nyuma, ni mzito, ndio maana safu inazama.

Mimi naona kwa hayo ya chuma wana hoja nzito, sana hata. Kilichonivuta kurudi upande wa joto ni kazi ya 2014 ya Colleen Dalton, Langmuir na Allison Gale, manake walileta mawimbi ya matetemeko. Mawimbi hayo hupita polepole kwa mwamba wa moto kuliko kwa wa baridi. Chini ya safu zilizoinuka mawimbi yanapita polepole, chini ya zilizozama yanaenda haraka, mpaka kina cha kilomita mia kadhaa, na wakapata joto linatofautiana kwa kama nyuzi 250. Mawimbi hayajui umerudisha supu yako kwa hesabu gani. Huo ni ushahidi wa njia nyingine kabisa.

Halafu kuna spidi, nayo watu wanaisahau. Kwa safu ya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi mabamba, vile vipande vikubwa vya uso wa dunia, yanaachana kama milimita 14 tu kwa mwaka, na kuna sehemu huko lava hakuna kabisa, mwamba wa koti umetoka wenyewe mpaka sakafu ya bahari, kwa sababu kwa mwendo huo wa polepole kifuniko cha juu kimepata muda wa kupoa kikawa kinene.

Na hii Bahari ya Hindi yetu ndiyo inanizuia kusema joto limeshinda. Basalti zake zina isotopu (atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito) za risasi, ile metali, na stronshiamu ambazo uwiano wake haufanani na wa Pasifiki, jambo lililojulikana tangu miaka ya 1980. Joto haliwezi kugeuza uwiano wa isotopu nzito hivyo, yeyusha sana ama kidogo utatoka na uwiano wa mwamba uliouyeyusha. Kwa hivyo koti la chini ya Bahari ya Hindi lina kitu ndani yake: wengine wanasema ni vipande vya chini ya bara la zamani la Gondwana vilivyobaki Afrika na India zikiachana, wengine wanasema ni matope ya bahari za kale yaliyozama. Mjomba akinibana nichague, kwa sodiamu na urefu wa milima nitamwambia joto. Kwa hiyo risasi nitamwambia ni mwamba, na mimi naegemea Gondwana.