Viwanja vipya vya starehe vya Masaki, au palepale Tabata?

Mshahara ukishatoka, makundi mengi ya marafiki Dar es Salaam huingia kwenye ubishi uleule. Mmoja anarusha picha za mgahawa uliofunguliwa Masaki, kule kwa wenye nazo karibu na bahari: ukuta wa majani ya plastiki, taa za rangi ya dhahabu, glasi iliyochomekwa kipande cha nanasi. "Wana, Jumamosi tukapajaribu hapa." Haichukui muda, mwingine anajibu: "Mimi nipo palepale." Palepale ni baa ya mtaani, Tabata, Sinza au Mbagala, yenye viti vya plastiki na mchoma nyama anayejua nani anapenda mbavu na nani kaambiwa na daktari aache mafuta.

Kambi ya kwanza inawaona wenzao wamedumaa. Ya pili inaamini wenzao wanatafuta picha tu, chakula ni kisingizio. Kwa maoni yangu kambi zote mbili zinakwepa swali gumu zaidi: katika kundi lenu, nani hasa anaweza kukaa kwenye meza mnayoichagua, akala, akanywa, akalipa na akarudi nyumbani bila kujiona amealikwa kwa bahati mbaya? Kwa kipimo hicho baa ya mtaani inapoteza alama ambazo watetezi wake hawapendi kuzihesabu, na Masaki nayo haizipati zote.

Baa ipewe haki yake kwanza. Ina utaratibu uliokomaa. Hujakaa vizuri, mhudumu ameshauliza: ya baridi au ya moto? Chupa inafunguliwa mbele yako, na mkiendelea, tupu zinabaki mezani au zinapangwa kwenye kreti karibu na miguu, ili saa ya kuhesabu asitokee mtu wa kudai tatu wakati zinaonekana tano. Jiko mara nyingi ni biashara ya mtu mwingine kabisa, aliyepanga eneo kwa mwenye baa. Ndiyo maana vinywaji vinalipwa kivyake na nyama kivyake, na ndiyo maana ukimlalamikia mhudumu kwamba ndizi zimeungua anakuangalia kama vile umemuuliza habari za mvua. Unainuka mwenyewe, unakwenda dirishani kwa mchomaji, unaonyesha kipande kwa kidole, kinapimwa, kilo au nusu, unarudi kukaa. Baadaye anakuja mtu na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, mnanawa kwa zamu, na sinia linatua katikati: nyama imekatwakatwa, ndizi, kachumbari, chumvi na pilipili pembeni. Sahani ya mtu hakuna. Anayekula polepole shauri yake.

Utaratibu huo unamlinda mtu ambaye mwezi umemkalia vibaya. Anafika, anamega kwenye sinia la wote, anakunywa mbili za kuzungushiwa, na hakuna karatasi yenye jina lake. Mwezi ujao atazungusha yeye. Mhudumu mnayejuana naye anaweza hata kuwavumilia hadi kesho, ingawa hapo watetezi wa baa husahau jambo moja: kwenye baa nyingi mhudumu huchukua vinywaji kaunta kwa hesabu yake, na mteja akipotea, pengo linazibwa na yeye. Ukarimu tunaousifia wakati mwingine unalipiwa na mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote waliopo pale.

Na wanaodai kuhamahama ni ugonjwa wa kizazi cha Instagram wangewauliza wazee wao. Miaka ya 1970 na 1980 watu wa mji huu walizunguka sana, ila walikuwa wanafuata muziki. Bendi zilikuwa na ratiba ya wiki, leo ukumbi huu, kesho ule, na mashabiki nyuma yao. Mlimani Park Orchestra, maarufu kama Sikinde, iliyoanza mwaka 1978, ilichukua jina la baa ilikokuwa ikipiga. Msondo Ngoma, iliyozaliwa 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ilikuwa na watu wake ambao usingewaona upande wa Sikinde hata kwa ofa. Bia zilitoka kampuni ileile ya umma popote ulipokwenda, kwa hiyo hakuna aliyevuka mji kufuata kinywaji. Walivuka kwa sababu kule kulikuwa na kitu ambacho huku hakikuwepo. Kipimo hicho naona bado kinafaa, na migahawa mingi mipya inafeli hapo: unavuka mji mzima kwenda kukutana na baga ileile, kuku wa BBQ yuleyule na muziki uleule, vimebadilishiwa rangi ya ukuta.

Sasa yale yasiyosemwa kuhusu baa. Kwanza, imejengwa kwa ajili ya mnywaji. Asiyekunywa anaagiza soda ya kwanza, ya pili inamshinda kwa sukari, halafu anahamia kwenye maji, na ikifika saa tano usiku amegeuzwa dereva wa watu wote bila kuulizwa. Pili, suala la kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Dar ni mji ambao kundi la marafiki wa chuo au wa kazini likikosa Waislamu na Wakristo pamoja ni nadra, na bado baa nyingi zinazosifika kwa nyama zinasifika kwa nyama hiyo. Mwenye baa atakuhakikishia kwamba majiko ni mawili, visu ni tofauti, hata mpishi ni tofauti. Huenda ni kweli. Lakini moshi ni mmoja, na rafiki yenu amekaa hapo anakula chipsi kavu za mfuko, anasema "mie nilikula nyumbani." Kila mtu mezani anajua hakula.

Tatu ni wanawake. Mwanamke akitangulia kufika baa ya mtaani, muda wa kuwasubiri wenzake unatosha kujibu salamu za meza tatu na kukataa bia mbili zilizotumwa na watu asiowajua. Wapo waliozoea na wanaojua kumnyamazisha mtu kwa jicho moja, lakini mtu hatoki nyumbani Jumamosi kwenda kufanya kazi hiyo. Ongeza choo kisicho na komeo, na spika inayowalazimisha kuongea kwa mikono. NEMC, baraza la serikali la mazingira, imekuwa ikizifungia baa kwa kelele, na wenye baa hulalamika wanaonewa. Mimi ningependa wapunguze sauti hata kabla hajaja mtu wa serikali, maana wanaoumia wa kwanza ni wateja wenyewe.

Kwa hiyo ninapowasikia wanaume wa rika langu wakisema Masaki ni maigizo, huwa nawauliza: dada zetu kwenye kundi wanasemaje? Mara nyingi wao ndio wanaotuma zile picha. Wanachotafuta hakiko kwenye ukuta wa majani. Ni mahali ambapo mtu anaweza kukaa peke yake na simu yake kwa nusu saa bila kusumbuliwa, penye juisi iliyotengenezwa kwa akili kama ilivyotengenezwa kokteli, na choo chenye maji na sabuni. Hiyo si anasa, ingawa kwa sasa inauzwa kwa bei ya anasa.

Bei yenyewe inafahamika. Bia ambayo mtaani ni kama shilingi 2,000 na kitu, huko inaweza kufika 5,000 au zaidi, na ni chupa ileile kutoka kiwanda kilekile. Sehemu nyingine menyu inaandikwa bila VAT, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara, kisha inaongezwa ada ya huduma, na hesabu uliyoipiga kichwani wakati wa kuagiza inakufa mezani. Zipo pia sehemu ambazo meza ina kiwango chake cha chini cha matumizi: mnataka kukaa pale penye upepo, nunueni chupa. Chupa inaletwa na wasichana watatu na fataki, meza za jirani zinageuka kutazama, na kuanzia dakika hiyo jioni siyo yenu tena. Kuna sehemu moja, jina naliweka pembeni, tuliambiwa tuhame meza kwa sababu matumizi yetu "hayaendani na eneo." Tulikuwa tumeagiza chakula cha watu sita.

Na hapo ndipo urafiki unapojaribiwa, kwenye bili. Baa ya mtaani ina kuzungusha, ambako hakuhitaji hesabu za darasani. Mgahawa unaleta karatasi moja ndefu, na karatasi hiyo inataka uamuzi. Mkigawana sawa, aliyekula saladi na maji anamlipia aliyekula kamba na kunywa wiski tatu. Kila mtu akilipa chake, mhudumu anasimama robo saa huku watu wazima wakibishana nani alikula zile chipsi za katikati, na anayejiona bahili kwa kutaja hesabu yake anaondoka na kinyongo. Mmoja akilipa yote kwa lipa namba ili wengine wamtumie, anakuwa amegeuka taasisi ya mikopo: wawili wanatuma palepale, mmoja anatuma kesho bila ada ya kutolea, na mmoja anaandika "nakutumia sasa hivi" na sasa hivi hiyo inahamia mwezi mwingine.

Wanaotetea kugawana sawa wana hoja ya maana: rafiki hapimwi kwa elfu tatu, na mwisho wa mwaka mambo yanalingana. Yanalingana kweli pale ambapo vipato vinakaribiana na wote wanakunywa. Kundi likiwa na mwalimu, mtu wa benki na aliyeachishwa kazi mwezi uliopita, kugawana sawa ni kumfukuza mmoja kwa adabu. Hatasema hawezi. Atasema ana udhuru, mara ya kwanza msiba, mara ya pili homa, mara ya tatu hamtamuuliza tena. Mimi nasimama na kila mtu chake, tena kitangazwe kabla ya kukaa, na anayetaka kutoa ofa aitoe kwa hiari yake. Najua kwa wengi wetu hilo linanuka uzungu. Afadhali linuke hivyo kuliko kumpoteza mtu.

Usafiri nao una neno lake. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016, hayafiki Masaki, kwa hiyo wa Mbagala na wa Tabata analipa nauli ya Bolt kwenda na kurudi, na ikifika saa sita usiku Jumamosi bei inapanda akiwa anaiangalia. Kwa wengine nauli inazidi chakula. Anayechagua mahali mara nyingi ndiye anayekaa karibu nako, na sidhani kama huwa anajua hivyo.

Kinachonishangaza kwenye ubishi huu wote ni jinsi ramani yake ilivyo ndogo. Masaki au mtaani, kana kwamba katikati hakuna mji. Katikati kuna Mtaa wa Libya na kuku wa Mamboz anayechomwa kandokando ya barabara jioni, watu wa dini zote wamejaa, na pombe haiuzwi kabisa. Kuna Kisutu na Upanga, na migahawa ya Kihindi isiyopika nyama, ambako unashiba kwa fedha ambayo Masaki ingekununulia juisi. Kuna chakula cha Kihabeshi Mikocheni, injera, mkate wao laini, kwenye sinia moja la wote, ambayo mtu wa baa angeizoea mara moja kwa sababu kumega pamoja ndiyo lugha yake. Kuna Feri, soko la samaki, unamnunua samaki mwenyewe asubuhi na anakaangwa ukiwa umesimama, na Coco Beach na mihogo yake jua likizama.

Sehemu hizo zina kasoro zao. Katikati ya mji kuegesha gari ni vita, viti vingine havina mgongo, na kwa mnywaji jioni isiyo na bia inaweza kumuelemea ifikapo saa tatu. Wanywaji wa kundi letu walilalamika sana wazo hili lilipotolewa, na mmoja aliuliza kwa uchungu wa kweli kama kuku anaweza kushushiwa na Mirinda. Lakini hawa ndio waliomkalisha mwenzao na maji ya chupa miaka yote hiyo wakiona ni sawa. Zamu ni zamu. Kwenye sehemu hizi kuna kitu kipya cha kujaribu, nauli inakaribiana kwa wote, dada anaweza kutangulia kufika, na bili inasomeka bila miwani.

Masaki ibaki kwa siku zake: kuzaliwa, kupandishwa cheo, mgeni wa kutoka Nairobi anayetaka kuona bahari huku anakula. Baa ibaki kwa siku za mpira na kwa zile jioni ambazo mtu anahitaji kukaa tu na watu wanaomjua. Anayechagua mahali abadilike kila mwezi, na ataje bei mapema. Mwezi huu anachagua yule asiyekunywa, na ameshasema: Upanga, saa moja jioni, na mwenye kiu ya kitu kingine atapitia baa kwanza.