Matokeo ya PLE na ubora wa shule ya msingi ya serikali

Mwanzoni mwa kila mwaka, Bodi ya Taifa ya Mitihani ya Uganda, UNEB, inapotangaza matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, PLE, magazeti hujaa majedwali na picha za watoto waliobebwa juu juu, na kwa wiki kadhaa ubora wa shule hujadiliwa kwa swali moja tu: imetoa daraja la kwanza wangapi? Shule ya serikali ya kijijini ambayo haikupata hata mmoja hupewa jina la shule mbovu, na mwalimu mkuu wake hutakiwa kujieleza wilayani. Upande wa pili wapo walimu na watu wengine wanaoshikilia kwamba PLE haisemi lolote kuhusu shule, inasema tu mtoto katoka nyumba gani. Pande zote mbili zimeshika ukweli, lakini si kwa kiasi kile kile.

Kwa wasomaji wasioufahamu mtihani huu, watoto wa darasa la saba, P.7, hutahiniwa masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kila somo hupewa alama kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, hadi 9, kisha alama hizo nne hujumlishwa. Mwenye jumla ya 4 hana wa kumpita, na anayefika 12 bado yumo daraja la kwanza. Mwaka 2023 walioandikishwa kufanya mtihani walizidi 749,000, na wengi wao walitoka katika shule za mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, UPE, ulioanza Januari 1997 na kuongeza idadi ya wanafunzi nchini kutoka takriban milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano ndani ya mwaka mmoja.

Nianze na wanaoitetea PLE, kwa sababu hoja yao hupuuzwa mno na watu waliosoma. Karatasi ni ile ile kutoka Kisoro hadi Kaabong, na anayeisahihisha hamjui mtoto, hamjui mwalimu wala hana deni kwa mwalimu mkuu. Mzazi anayeuza samaki sokoni Busia au kuendesha bodaboda Arua hana kipimo kingine cha namna hiyo. Ripoti za mwisho wa muhula haziwezi kumsaidia sana, kwa kuwa shule nyingi hununua mitihani ya muhula kutoka kwa watungaji wa kibiashara na kuisahihisha zenyewe, na si ajabu mtoto akapata themanini na kitu kila muhula, kisha matokeo ya PLE yakaja kumshangaza kila mtu nyumbani. Ukimwondolea mzazi huyu PLE, atabaki na rangi ya ukuta, usafi wa sare, na jinsi mtoto wa jirani anavyojibu kwa Kiingereza anaposalimiwa.

Tena nchi hii ina ushahidi wake yenyewe kwamba takwimu zikiwekwa hadharani hufanya kazi. Watafiti walipofuatilia ruzuku ambazo serikali kuu ilizipeleka kwa shule za msingi kati ya 1991 na 1995, waligundua kwamba kwa wastani ni takriban asilimia 13 tu ya fedha hizo zilizofika shuleni, na nyingine ziliishia mikononi mwa viongozi wa wilaya. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikaagizwa kubandika mlangoni kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 kiasi kilichofika kilikuwa kimepanda hadi asilimia 80 hivi. Wachumi wamebishana kuhusu sehemu ya mabadiliko hayo inayotokana na magazeti hasa, kwa kuwa kulikuwa na mageuzi mengine wakati huo huo. Hata hivyo, anayesema mzazi wa kawaida hawezi kutumia takwimu anapaswa kwanza kueleza kilichotokea hapo.

Jirani zetu wamejaribu njia ya kuficha. Kenya ilifuta upangaji rasmi wa shule kwa nafasi mwaka 2014, na Tanzania iliacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa 2023. Nia ilikuwa njema, lakini mashindano hayakwisha kwa tangazo. Shule yenye alama nzuri hutundika bango lake getini na kusambaza orodha yake kwenye simu, na isiyo na alama nzuri hunyamaza. Mzazi anabaki na matangazo ya biashara badala ya jedwali.

Hata hivyo, kinachonisumbua katika jedwali la PLE ni watoto wasiomo. Makadirio ambayo yamekuwa yakitajwa mara kwa mara nchini ni kwamba, kati ya watoto wanaoingia darasa la kwanza, ni kama theluthi moja tu wanaofika P.7 kwa wakati wake. Wengine hurudia darasa, huhama, au huacha kabisa kwa sababu ya karo zisizo rasmi, njaa, mimba, mifugo au kazi za mashambani. Hivyo shule iliyopokea watoto mia mbili P.1 na kupeleka arobaini kwenye mtihani inaweza kutangaza kwamba watahiniwa wake wote wamefaulu, na itakuwa inasema kweli tupu. Matokeo yake ni ya waliosalia. Hakuna safu kwenye jedwali inayouliza wale mia na sitini walikwenda wapi, na mwalimu mkuu anayeangalia jedwali hilo kwa makini anajua kwamba hakuna atakayemuuliza.

Hapo ndipo kipimo kinapoanza kuharibu kile kinachopimwa. Mbinu zinajulikana na kila mwalimu: mtoto dhaifu wa P.6 hurudishwa darasa ingawa sera ni kuvuka moja kwa moja, au huandikishwa kwenye kituo cha mtihani cha shule nyingine ili asichafue alama, au mzazi wake hushauriwa kwa upole kwamba hapa si mahali pake. Shule za binafsi zenye majina makubwa huchuja watoto kwa usaili tangu mlangoni. Shule ya UPE iliyo kijijini hairuhusiwi kumkataa mtoto, na kwa sababu hiyo, inapolinganishwa na zile, inaadhibiwa kwa kutii sheria.

Tofauti hizo zipo hata ndani ya shule za serikali zenyewe. Shule ya Buganda Road au ya Kitante katikati ya Kampala ni ya serikali sawa na shule iliyo Karamoja, lakini ya kwanza ina wazazi wenye mishahara ambao wanaweza kuchangia walimu wa ziada na chakula cha mchana, na ya pili ina watoto ambao mlo wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ndio unaowaleta darasani. Sheria ya Elimu ya 2008 imeweka jukumu la kumlisha mtoto juu ya mzazi. Uamuzi huo una mantiki yake kibajeti, lakini maana yake ni kwamba saa nane mchana, katika shule mbili zenye mwalimu wa sifa moja na mtaala mmoja, kuna darasa linalosikiliza na darasa linalosinzia. Kisha Novemba wote wanakaa kwenye karatasi moja, na tofauti ya alama inaandikwa kwa jina la mwalimu.

Pia PLE huchelewa mno. Tathmini za shirika la Uwezo, linalopima watoto kusoma na kuhesabu, ambazo tangu 2010 zimekuwa zikiwafuata watoto hadi majumbani mwao, zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa P.3 hawawezi kusoma kifungu cha kiwango cha P.2. Mtoto wa namna hiyo tayari amepotea, na mtihani utamgundua miaka minne baadaye kama atakuwa bado yupo. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2013 ulikuta kwamba, siku ya ziara isiyotangazwa, takriban mwalimu mmoja kati ya wanne hakuwa shuleni, na wengine waliokuwemo shuleni hawakuwa darasani. Ongeza kufungwa kwa shule, kikamilifu au kwa sehemu, kutoka Machi 2020 hadi Januari 2022, kisha watoto wote wakavushwa darasa waliporudi, na utaona kwamba jedwali la mwaka wowote wa karibuni linapima mambo mengi kabla ya kuipima shule.

Suala la lugha nalo linawachanganya wazazi kuliko yote. Mtaala wa 2007 unataka P.1 hadi P.3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, kisha P.4 iwe daraja la kuvukia Kiingereza. Shule inayofuata sera hii huonekana imezubaa, kwa kuwa mtoto wa P.2 anasoma Kilango au Kiganda wakati mwenzake wa shule ya binafsi anakariri mashairi ya Kiingereza. Kumbe katika eneo la Lango, kaskazini mwa nchi, mradi wa kufundisha kusoma kwa lugha ya nyumbani ulipofuatiliwa kwa majaribio makini, watoto waliofundishwa kikamilifu walipiga hatua kubwa mno katika kusoma. Kilichonivutia zaidi ni sehemu ya pili ya majaribio hayo. Toleo la bei nafuu, lenye vifaa vichache na mafunzo ya walimu yaliyopitishwa kwa wakufunzi wa serikali, lilionekana limefaulu kwa gharama ndogo pale watoto walipopimwa kutambua herufi tu. Walipopimwa kuandika, katika baadhi ya vipengele watoto hao walikuwa nyuma ya wale ambao hawakupata mradi wowote. Walimu ni wale wale na watoto ni wale wale, lakini hukumu imegeuka kwa sababu ya swali lililoulizwa.

Sisi wa Kiswahili tuna mfano wetu wa karibu. Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini maadamu hakimo katika masomo manne ya PLE, ratiba ya P.7 hukionyesha na kipindi chake hupewa Hisabati. Simlaumu mwalimu anayefanya hivyo. Anafundisha kinachohesabiwa.

Basi mzazi aangalie nini? Mimi ningeanza na madaftari ya P.3, si ya P.7. Siku ya wazazi, chukua madaftari manne au matano ya watoto tofauti na uyalinganishe. Ukikuta sentensi ile ile katika yote, yenye kosa lile lile la tahajia, na kila moja imewekewa vema kwa kalamu nyekundu, ujue watoto wananakili ubao na mwalimu anasahihisha mwandiko. Ukikuta makosa tofauti, kila moja limezungushiwa duara na mtoto ameandika upya chini yake, hapo kuna mtu anafundisha. Angalia tarehe pia: pengo la wiki mbili katikati ya muhula halikuletwa na mvua. Mpe mtoto yeyote kifungu ambacho hajawahi kukiona, kwa lugha ya nyumbani kwake, umsikilize. Haya hayahitaji shahada, ingawa yanahitaji mzazi anayejua kusoma, na hilo si la kila nyumba.

Kwa sababu hiyo sitegemei mzazi mmoja mmoja. Kuna jaribio jingine la hapa hapa Uganda, lililofanyika katika shule mia moja za msingi za serikali vijijini, ambalo ningependa kila mjumbe wa kamati ya shule alijue. Baadhi ya kamati zilipewa fomu ya kuipima shule iliyotungwa na wataalamu, na nyingine zilisaidiwa kutunga fomu yao wenyewe. Fomu ya wataalamu haikuleta mabadiliko ya maana. Pale ambapo walimu, wazazi na wajumbe walikaa na kukubaliana wenyewe wapime nini, utoro wa walimu na wa wanafunzi ulipungua na alama za watoto zikapanda. Mkaguzi wa wilaya, ambaye huja mara chache na kuondoka na orodha ya maandalio ya masomo yaliyonakiliwa vizuri, ana la kujifunza hapo, na wizara pia, ambayo kila ikiona tatizo hutunga fomu mpya.

Hata hivyo, kamati za kijiji haziwezi kulinganisha shule yao na ya wilaya nyingine, na ndiyo maana sitaki PLE iondolewe wala majedwali yafichwe. Ninachotaka ni safu moja iongezwe. Kando ya idadi ya waliopata daraja la kwanza, kila shule iandikiwe idadi ya watoto iliyosajili P.1 miaka saba iliyopita, takwimu ambayo wizara inaikusanya tayari. Najua safu hiyo haitakuwa safi: watoto huhama na wengine hurudia. Zaidi ya hayo, kwa kuwa ruzuku ya UPE huhesabiwa kwa vichwa, wapo walimu wakuu wanaojaza rejesta wanafunzi hewa, na idadi ya P.1 ndiyo rahisi zaidi kuongezwa chumvi. Lakini hapo ndipo safu hiyo ingefanya kazi ambayo ukaguzi haujaiweza. Mwalimu mkuu aliyesajili watoto mia tatu wa kubuni ili apate fedha atalazimika, miaka saba baadaye, kueleza mbele ya wazazi wa shule yake ni wapi watoto hao walipopotelea.