Mtoto aambiwe nyama inatoka wapi, au tumuache kwanza?

Mwaka 2013 kule Uingereza taasisi ya British Nutrition Foundation iliwauliza wanafunzi zaidi ya 27,000 maswali kuhusu chakula, na karibu theluthi ya wale wa shule za msingi wakajibu kwamba jibini inatokana na mimea. Mi sikuona cha kucheka pale, mtoto anajibu alichokiona, na jibini kaiona kwenye plastiki tu, ng'ombe akikamuliwa hajawahi kumuona.

Sasa wapo wanaotaka haya yafundishwe mapema na waziwazi, na wapo wanaosema hapana, mtoto wa miaka mitano ukimwambia hii nyama ilikuwa mnyama akachinjwa ataogopa na kula atasusa. Hiyo hoja siidharau hata kidogo, wanaosusa wapo kweli, na anayebaki na sahani imejaa kila jioni ni mzazi siyo mwalimu. Ila ukimficha atakuja kujua tu, na siku hiyo atamlilia mnyama na wewe hatakuamini tena. Kwangu mimi akiuliza ajibiwe, maneno machache ya umri wake, asipouliza usikimbilie kumuelezea kisu.

Hili la kuwafundisha watoto vyakula vya dunia ndo linaniuma zaidi, maana mara nyingi linafundishwa kwa bendera, nchi hii wanakula hiki nchi ile wanakula kile, watoto wanakunja sura, somo limeisha. Faida ipo, angalau mtoto anajua watu wote hawali kama kwao. Lakini kwa nini wanatofautiana hajaambiwa, kwamba Wainuiti, wenyeji wa Aktiki kule kaskazini kabisa mwa dunia, walitegemea sili, yaani mnyama wa baharini, na samaki kwa sababu kwenye barafu huwezi kulima, kwamba watu wazima wengi duniani maziwa yanawavuruga tumbo kwa vile mwili ukishakua unapunguza kile kimeng'enya cha kusaga sukari yake, kwamba FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka huohuo wa 2013 ilikadiria watu kama bilioni 2 wanakula wadudu, yaani siyo kituko cha kijiji kimoja. Halafu hizo bendera zenyewe zinadanganya, nyanya tunayoiita ya Waitaliano ilitoka Amerika na Ulaya haikujulikana kabla ya 1492, na ndani ya nchi moja dini na mfuko vinatenganisha sahani za majirani wawili.

Walimu wanasema ratiba imejaa, na ni kweli, huwezi kuwabebesha kila kitu. Japani walitunga kabisa sheria ya shokuiku, yaani elimu ya chakula, mwaka 2005, na kwenye shule nyingi za kule watoto wenyewe ndo wanawapakulia wenzao chakula cha mchana. Wengine tusio na sheria hiyo tunaweza kuanza na mbegu moja ya maharage kwenye kopo dirishani, haili hata kipindi kimoja, na mtoto akishaisubiri wiki nzima ichipue maswali atayaleta mwenyewe.