Tafadhali msipeleke greda mlimani

Limezunguka tena tangazo kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Dodoma: matembezi ya Jumamosi, kuanzia mashamba ya zabibu mpaka kileleni, na chini yake kwa herufi kubwa, "NJIA IMESHACHONGWA NA GREDA". Picha wameweka. Mstari mwekundu wa udongo mtupu, upana wa gari, umenyooka kutoka pembeni mwa mizabibu hadi begani mwa mlima bila kona hata moja. Watu wanapongeza. Mimi naitazama ile picha naona korongo la mwakani.

Wazo la matembezi lenyewe naliunga mkono kwa mikono miwili. Tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, mtu anapanda Dar asubuhi na mchana yuko hapa. Akiuliza aende wapi, anaonyeshwa Bunge, basi. Na sisi tuna Hombolo, Veyula, Makutupora, Mpunguzi, Matumbulu, Mvumi. Hakuna mkoa mwingine nchini wenye zabibu kama huu, na nyuma ya mizabibu vimejipanga vilima vya mawe, migunga, mibuyu, na ukienda mbali zaidi kaskazini unaikuta misitu ya Chenene. Saa nne za kutembea zinakutoa kwenye waya wa zabibu mpaka kwenye kivuli cha miombo. Kitu hiki kinastahili kufanywa vizuri, ndiyo maana nakereka.

Tatizo la njia ya mlimani ni maji. Miguu ya watu haina madhara makubwa. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na inakuja kwa kishindo: nusu saa, imeisha. Kabla yake ardhi imekauka tangu Mei, mifugo imemaliza nyasi, na udongo wetu wa kichanga chekundu umefunga ganda juu. Mvua ya kwanza ikipiga pale haizami, inatiririka. Sasa wewe umempelekea greda, ameng'oa nyasi na mizizi, na ameacha matuta mawili ya udongo kulia na kushoto. Umetengeneza mfereji. Maji yanaingia juu, hayana pa kutokea, yanaongeza kasi kila mita, na yakifika chini yanakutana na shamba la mtu. Upande mmoja yanafukia mashina kwa mchanga, upande mwingine yanafukua mizizi na kulaza nguzo. Mkulima ambaye hakuulizwa ndiye anayelipa gharama za matembezi yenu.

Hili si jambo geni mkoani. Waulizeni watu wa Haubi, Kondoa. Makorongo yale yalifika mahali serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaondoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Watu walihama na ng'ombe wao ili ardhi ipone. Njia ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja kwenda kunywa maji inageuka korongo kwa sababu ileile: ni mstari mtupu uliofuata mteremko. Greda anafanya kwa asubuhi moja kazi ambayo kwato huifanya kwa miaka.

Njia inayodumu inakata mlima kwa ubavu, na kuipima hakuhitaji mashine. Fremu A inatosha, ileile ya mabwana shamba wanapopima makinga maji. Chukua miti miwili iliyonyooka, kila mmoja mita 2 na kidogo, ifunge pamoja juu, tanua miguu mpaka ncha za chini ziachane mita 2 kamili, kisha funga mti wa tatu wa kukatiza. Kutoka kwenye fundo la juu ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya ule mti wa kukatiza. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa. Geuza fremu, kila mguu ukae alipokuwa mwenzake, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Halafu sogeza miguu mpaka kamba itulie kwenye usawa, ingiza kipande cha mti cha sentimita 20 chini ya mguu mmoja, weka alama nyingine: hiyo ni asilimia 10. Fanya hivyohivyo kwa mguu wa pili.

Anzeni chini. Mguu wa nyuma kwenye kigingi, wa mbele uutafutie mahali ambapo kamba inaangukia kati ya usawa na alama ya asilimia 10, piga kigingi, songa. Ukiona kamba imevuka alama, umeanza kupanda kwa haraka kuliko udongo unavyoweza kuvumilia, rudi utafute pengine. Na kuna kanuni ya pili ambayo wengi huisahau: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe. Kilima kikiwa cha asilimia 12, njia iishie asilimia 6. Ikizidi hapo, maji yanayotakiwa kuvuka njia na kuendelea kushuka yataona ni rahisi kuifuata, na mmerudi kulekule kwa greda.

Upana wa sentimita 80 unatosha, watu watembee mmoja nyuma ya mwenzake. Chimbeni kwa sururu na jembe, ndani ya udongo mgumu wa ubavu. Msijaze udongo laini upande wa nje mkadhani mmeongeza upana, maana ule ndio wa kwanza kuondoka. Udongo uliochimbwa utawanywe mbali chini, usiachwe kama tuta. Uso wa njia uinamie nje, sentimita 5 kwa kila mita, ili tone likidondoka livuke na kushuka. Kinachoharibika baadaye ni hiki: miguu inakandamiza katikati, na ukingo wa nje unainuka kidogokidogo kwa udongo na majani. Ukiuacha misimu miwili, njia imekuwa mfereji tena. Kwa hiyo kila Novemba, kabla ya mvua, mtu apite na jembe akwangue ule ukingo.

Kila mita 20 hadi 30, na mita 10 hadi 15 penye mteremko mkali, njia ishuke kidogo kisha ipande kwa mita 2 au 3 ndipo iendelee. Pale bondeni maji yanatoka. Mdomo wa kutokea uwe mpana, usipungue mita moja, na mawe yatandikwe yanapoangukia. Mawe tunayo ya kumwaga. Mkiamua kuweka mawe ya kukinga maji badala ya vibonde hivyo, yawekeni kwa pembe ya nyuzi 45. Kosa la kila mahali ni kuyalaza kukatiza njia moja kwa moja: mchanga unajaa nyuma yake, na baada ya mvua mbili tatu maji yanaruka juu na kuchimba shimo upande wa pili.

Kona nazo zina akili yake. Watu watakatiza kona, hata wakiwekewa kibao. Dawa ni kuiweka kona nyuma ya jabali au kichaka kizito cha miiba, mpandaji asione njia inakoelekea. Asichokiona hakikatizi.

Sasa mizabibu. Njia ipite kichwani mwa shamba, pale mistari inapoishia, kamwe isipite katikati yake. Miguu hamsini kila wikendi inashindilia udongo juu ya mizizi, na penye mipira ya kumwagilia kwa matone mtu mmoja akikanyaga kiungio, mstari mzima unakosa maji na mwenye shamba atagundua majani yakishanyauka. Angalieni pia ule waya unaotoka kwenye nguzo ya mwisho kwenda kwenye nanga ardhini. Uko usawa wa muundi, na saa 12 asubuhi hauonekani. Njia ikae mita 2 mbali nao, na kila waya ufungwe kitambaa cheupe.

Kunyunyizia dawa ni jambo la kukubaliana kwa maandishi. Zabibu hazikwepi magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na mkulima hupulizia alfajiri upepo ukiwa umetulia, saa ileile mnayofika nyinyi na watoto wenu. Bendera nyekundu kwenye nguzo, na njia ya kuzungukia iwepo tayari. Wala msichume punje hata moja. Licha ya kuwa ni mali ya mtu, hujui ilipuliziwa lini.

Malipo yamfikie yule ambaye ukingo wa shamba lake unakanyagwa, yasiishie kwenye mfuko wa kijiji tu. Tuna mavuno mawili, Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Haya ya pili yanaangukia msimu mzuri kabisa wa kutembea. Wakulima wetu wanajua maana ya kukaa na zabibu zilizoiva huku mnunuzi haonekani. Kilo chache zikiuzwa pale pembeni mwa shamba pamoja na juisi iliyokamuliwa asubuhi, ni fedha taslimu mkononi.

Mengine kwa kifupi. Kibali cha msitu wa hifadhi kinatoka TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, au halmashauri, cha msitu wa kijiji kwa serikali ya kijiji, na kichukuliwe kabla ya kupima. Njia ipite mita 200 kutoka kwenye mizinga ya nyuki. Upupu ukatwe ungali mbichi, kabla maganda hayajakauka. Maji lita 3 kwa mtu, mwanzo saa 12, saa 5 muwe mmeshashuka. Nyoka aitwaye kifutu hupenda kulala njiani penye joto na hakimbii akisikia hatua, basi wa mbele asitembee akitazama simu.

Nakubali, shingo upande, kwamba greda ni rahisi. Siku moja na kazi imekwisha, wakati vijana kumi wa kijiji watachukua wiki kadhaa. Lakini fedha ya mafuta na ya kukodi mtambo ingebaki kwa hao vijana kumi, na wao ndio watakaoijua kila kona mvua ikianza.

Kwa waliotoa tangazo: ule mstari bado unaweza kuzibwa kabla ya Desemba. Vunjeni matuta ya pembeni, rudisheni udongo katikati. Pangeni vizuizi vya mawe vya kimo cha goti, katikati vikiwa chini kuliko pembeni, kwa nafasi ambayo kilele cha kizuizi cha chini kinalingana na kitako cha kile cha juu yake. Kati yake lazeni matawi ya mgunga, miiba ikitazama juu, mbuzi na watu wasipite, nyasi ziote. Matembezi yasogezwe. Mvua zikianza, wawili watatu wenu wapande na vigingi wakaone maji yanapita wapi, na mwishoni mwa Aprili, udongo ukiwa bado laini, mchimbe njia mpya.