Paladini, hebu acha kukodolea mita

Mwezi wa saba Mbeya usinambie habari za klasi (aina ya mhusika kwenye gemu) yenye vitufe thelathini. Mimi nakaa Uyole, na kama ushawahi kulala Uyole mwezi wa saba unanielewa, saa tano usiku vidole vishakufa ganzi, umevaa soksi mbili na glavu za sufi ulizozikata ncha mwenyewe, unataka kubonyeza tatu unabonyeza nne. World of Warcraft, lile gemu la mtandaoni, nilianza na meji, yaani mchawi, nikafa mpaka nikaona aibu, nikahamia kwa paladini wa kupiga, yule wa Retribution, wenyewe wanamwita ret, na ndo niko naye mpaka leo.

Kwa ambaye hajui, paladini ni askari wa dini, kavaa chuma mwili mzima, na ana njia tatu, ya kuponya, ya kuwa tenki, yaani anayewavuta maadui wampige yeye, na ya kupiga. Huyu wa kupiga anashika silaha moja kubwa ya mikono miwili, nyundo, shoka au panga, anasogea mpaka puani kwa adui halafu anatwanga. Crusader Strike inakupa pointi moja ya Holy Power, Judgment nyingine, Blade of Justice nyingine, zikifika tatu unashusha Final Verdict unaanza upya, na mwisho wa kubeba ni tano kwa hiyo usizembee zikamwagika. Ni kama kutwanga kisamvu, ukishashika mdundo hata ukiwa unaongea na mtu mkono unaenda wenyewe.

Na kwa mtandao wetu huu ndo klasi yenyewe. Seva ziko Ulaya, pingi yangu, yaani kuchelewa kwa mtandao kwa milisekunde, siku nzuri inasoma 190, siku mbaya sitaki hata kuangalia, lakini mapigo ya ret yanaachana kama sekunde na kitu hivi kwa hiyo kuchelewa kidogo hakukuui. Gemu yenyewe ukiwa ndani haili bando kihivyo, kinachoua ni kulishusha, mimi nililetewa kwenye haddiski na jamaa yangu aliyetoka Dar na basi, siku hizi likija apudeti kubwa nasubiri bando la usiku naenda kulala naliacha linashuka. Umeme ukikatika laptopu ina chaji, nawasha hotispoti ya simu narudi, mara nyingi namkuta paladini wangu bado kasimama, kwa sababu mtu wa chuma hafi kirahisi kama meji wangu yule wa kanzu.

Halafu kuna povu. Siyo lile la kwenye komenti, hili ni Divine Shield, paladini anajifunika mwanga kama povu la sabuni na kwa sekunde 8 hakuna kitu kinamgusa. Zamani ilikuwa ndefu zaidi, mpaka watu walikuwa wanatoa povu halafu wanatumia lile jiwe la kurudi nyumbani, linachukua sekunde 10, adui kasimama pale anakupiga panga za bure na wewe unampungia mkono unapotea. Ndo maana paladini anachukiwa sana, na mimi nakubali, ni uhuni, ila uhuni mtamu.

Sasa hoja yangu. Ret wengi ninaokutana nao, na mimi nilikuwa hivyo hivyo, wanacheza nusu ya klasi. Macho yote kwenye ile mita ya demeji, yaani ya nani kapiga kiasi gani, pembeni ya skrini, nani wa kwanza nani wa pili, na bosi akishakufa tu wanaibandika kwenye chati kila mtu aione kama matokeo ya fomu four. Wakati paladini huyo huyo ana Blessing of Protection ya kumfunika mwenzake asipigwe na silaha kwa sekunde 10, ana Blessing of Freedom ya kumfungua aliyenaswa miguu, ana Blessing of Sacrifice ya kubeba asilimia 30 ya maumivu ya mtu mwingine, ana Lay on Hands ya kumrudisha mtu aliyebakiza pumzi moja. Muulize kaviweka wapi kwenye kibodi. Atakwambia vipo. Vipo wapi? Kimya.

Yaliyonikuta mwaka 2024, msimu ule Siege of Boralus iliporudi kwenye Mythic+, yale mapango ya kupigana huku saa inahesabu, tuko watu watano, kii ya nane, yaani daraja la nane la ugumu, muda unakimbia. Mita inaniambia mimi wa kwanza na nimemwacha wa pili mbali, mbawa za kuongeza nguvu nimezifungua, yaani raha. Haramia mmoja wa baharini akamponyoka tenki akaenda moja kwa moja kwa mponyaji wetu, binti mmoja anayecheza klasi ya padri, na mimi nilimwona kabisa, na hapa ndo panaponiuma, nilimwona, mita tano tu kutoka niliposimama, damu yake ikashuka nusu, ikashuka robo, na kichwani nasema ngoja nimalizie Final Verdict hii moja. Akafa. Nikashusha Final Verdict yangu, namba kubwa ya njano ikaruka, sekunde ishirini baadaye wote tukawa maiti. Muda ukaisha kabla hatujamfikia bosi wa mwisho, kii ikashuka daraja.

Hakuna aliyetukana. Tenki, jamaa wa Poland, aliandika neno moja tu, "bop?", na alama ya kuuliza. Bop ndo kifupi cha ile Blessing of Protection. Akatoka. Afadhali angenitukana mpaka mama yangu, kwa sababu lile swali nililala nalo.

Tena ukienda kwenye hadithi ya gemu yenyewe unazidi kuona aibu. Kwenye Vita ya Kwanza makuhani wa Northshire walichinjwa na maoki, yale majitu ya kijani, makuhani wenyewe watu wa sala na kuponya wasio na ngao wala chuma. Vita ilipoisha askofu mkuu Alonsus Faol akasema hapana, tuwachukue mashujaa tuwafundishe Nuru, na wacha Mungu tuwafundishe silaha, ndo likazaliwa jeshi la Silver Hand, Uther akawa paladini wa kwanza. Yaani klasi nzima ilianzishwa kwa sababu waponyaji walikuwa wanakufa. Na mimi nimesimama mita tano namwangalia mponyaji anakufa nahesabu pointi.

Naelewa lakini huu ugonjwa umetoka wapi. Gemu ilipotoka 2004 ret alikuwa kichekesho. Paladini walikuwa upande wa Alliance tu, mahasimu wao Horde wakaja kuwapata 2007 pale jamii ya Blood Elf ilipoingia, na kwenye raidi, yale mapambano ya kundi kubwa, za watu arobaini ukisema wewe ni ret unaambiwa vaa gauni uponye. Kazi nyingine ilikuwa kugawa baraka, zile ndogo zinadumu dakika 5, ukimaliza mtu wa mwisho ya mtu wa kwanza nayo inakaribia kuisha, kama kupaka rangi nyumba ndefu. Halafu mwishoni mwa 2008 wakampandisha nguvu ghafla akawa anachinja kila anayekutana naye, wakampunguza haraka, na akaendelea kupanda na kushuka mpaka Machi 2023 wakamsuka upya karibu wote. Mtu aliyechekwa miaka yote hiyo, ukimpa mita inayosema yeye ni wa kwanza, ataibusu. Sawa. Ila kuchekwa zamani hakukupi ruhusa ya kumwacha mtu afe leo.

Watu wa Mbeya hili mbona tunalijua. Nenda Sokoine siku ya mechi, kaa upande wa jua, uone straika anayesubiri mpira mbele mikono kiunoni wakati wenzake wanazidiwa nyuma, wazee wanavyomfokea, "Rudi ukabe wewe!" Hata akiwa na magoli kumi. Ret ni straika, sawa, lakini kapewa na miguu ya kukaba.

Najua kuna atakayesema kila kitufe cha kusaidia ni demeji imepotea. Kidogo ni kweli, Protection inakula zamu ya pigo moja. Pigo moja! Mponyaji akifa unapoteza mapigo yote. Na Sacrifice haili hata hiyo zamu, unaibonyeza huku mkono unaendelea kutwanga, na ukiibana pamoja na povu lako maumivu yanakuja kwako yanakuta mlango umefungwa. Kinachowashinda wengi ni kumlenga mwenzako katikati ya vurugu, dawa yake ni makro ndogo ya mausi, yaani amri fupi unayoiandika mwenyewe, unapitisha mshale juu ya jina lake kwenye orodha ya timu unabonyeza, adui wako unabaki naye hapo hapo. Mimi nimeweka Sacrifice kwenye kitufe cha pembeni cha mausi, Protection kwenye Q, kwa sababu hivyo viwili hata kwa glavu sikosei. Na mita nimeifunga kabisa, naifungua raidi ikiisha, nikikumbuka.

Raidi zenyewe huwa saa tatu usiku, wakirudisha saa nyuma kule Ulaya mwezi wa kumi zinahamia saa nne, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuelewa kwa nini saa ya mchezo inahama. Juzi mama kapita sebuleni kanikuta nimeinamia skrini.

"Baba, bado unapigana tu?"

"Mama, hapa namwokoa mtu."

"Na vile vyombo nani ataviokoa?"

Nikaviosha, maji ya baridi yale ya usiku, nikarudi vidole havipo. Nikakuta ujumbe. Yule padri tulishaombana msamaha zamani, tunacheza wote, na ndo yeye aliyemvuta yule tenki wa Poland arudi kwenye timu. Jamaa hana salamu mpaka leo, akitaka kufungua kii ananiandikia "pala?" na alama yake ya kuuliza, na mimi nikaanza kutafuta glavu.